Mashine ya kujaza risasi nyumbani: Mkulima wa Kyela, piga hesabu kwanza

ANAYEIJUA Kyela wakati mpunga unapoanza kuinamisha masuke anajua kuwa huo si wakati wa kulala. Mchana watoto na kina mama wapo mashambani wakipiga madebe na kurusha makombeo kufukuza ndege. Usiku wanaume wanakesha vibandani wakisikilizia nguruwe pori, na kwa wenye mashamba kandokando ya mito, kiboko. Kwenye kakao nako kuna ngedere na kindi. Hao hawafuati mbegu tunayouza sisi, wanafuata utamu wa ute mweupe unaoizunguka. Tunda likishatobolewa, hilo limekwisha.

Siku moja nikiwa Katumba Songwe, mzee mmoja mwenye kakao na majaruba ya mpunga aliniita pembeni. Mzee huyu ana shotigani aliyoipata kihalali, kwa leseni, kwa ajili ya kulinda shamba. Baada ya salamu na habari za nyumbani, akaingia kwenye hoja.

“Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea hesabu za kilimo. Risasi zimekuwa ghali, na kuzipata ni mpaka nifunge safari. Mdogo wako aliyeko Afrika Kusini anasema wawindaji wa kule wanaokota maganda yao na kuyajaza upya nyumbani. Anasema ipo mashine ya bei nafuu. Sasa niambie, niagize ipi?”

“Mzee, naomba unipe siku mbili nifanye hesabu,” nikamjibu.

Makala hii ni hesabu hiyo. Naiandika hapa kwa kuwa swali la mzee si la kijinga hata kidogo, na kwa kuwa si yeye peke yake anayejiuliza. Tena namna ya kulijibu inamfaa mkulima au mfanyabiashara mdogo yeyote anayetaka kununua mashine ya bei nafuu, iwe ya kukamua mawese, ya kusaga au ya kukoboa.

Mashine inafanya nini hasa?

Tuanze na kitu chenyewe. Risasi ya shotigani ina sehemu tano: ganda, fataki inayowasha, baruti, kizibo cha katikati, na marisau, yaani zile chembe ndogo za madini ya risasi zinazotawanyika. Ukishapiga, kinachobaki mkononi ni ganda tu. Vitu vingine vinne vimekwenda.

Mashine ya kujazia ni mbanio wa mkono. Inaondoa fataki iliyotumika, inasaidia kuweka mpya, inapitisha baruti na marisau kwa kipimo, kisha inafunga mdomo wa ganda. Pamoja nayo anayefanya kazi hii anahitaji mizani ndogo yenye usahihi mkubwa, na kitabu cha vipimo kutoka kwa mtengenezaji wa baruti.

Marekani mashine hizi zipo za kila bei. Kampuni ya Lee Precision ya mji wa Hartford, jimbo la Wisconsin, inajulikana kwa kifaa kidogo kinachoitwa Load-All, ambacho ni cha mnyonge. Katika jimbo hilohilo, mji wa Mayville, kampuni ya MEC inatengeneza mashine ya chuma iitwayo 600 Jr, nzito zaidi na inayodumu miaka mingi. Kwa hiyo mdogo wangu wa Afrika Kusini hakudanganya. Mashine ya bei nafuu ipo kweli.

Lakini tazama vizuri orodha ya vitu vile vinne. Mashine haitengenezi hata kimoja. Haitengenezi fataki, haitengenezi baruti, haitengenezi kizibo wala marisau. Kuinunua bila kuwa na uhakika wa vitu hivyo ni sawa na kufunga mashine ya kukoboa katika kijiji kisicholima mpunga. Mashine itang’aa, watu watakuja kuishangaa, halafu itaota kutu.

Wenzetu wananufaikaje?

Mwenzetu wa Marekani anayejaza risasi nyumbani kwa kawaida ni mpiga shabaha. Katika mchezo wao wa kupiga visahani vinavyorushwa hewani, mzunguko mmoja ni visahani 25, na mtu anaweza kupiga mizunguko kadhaa kwa siku moja. Kwa mwaka anaweza kumaliza risasi kwa maelfu. Akiokoa kiasi kidogo kwa kila risasi, mashine inajilipa mapema. Zaidi ya hapo, baruti na fataki anazinunua dukani, mjini kwake, kwa bei iliyobandikwa.

Hata hivyo, hata huko mambo hayakuwa shwari sikuzote. Kati ya mwaka 2020 na 2022, wakati wa ugonjwa wa korona, fataki ziliadimika madukani Marekani. Watu wenye mashine nzuri mezani walikaa bila kazi, wakisubiri kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Kama nchi yenye viwanda vya kutengeneza fataki ilifika hapo, Kyela isiyo na duka la fataki iko wapi?

Afrika Kusini nako, alikoona mdogo wangu, si kwamba kila mtu anajijazia anavyotaka. Sheria yao ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni kujaza risasi za bunduki yake aliyosajiliwa, na inamwekea ukomo wa fataki 2,400 anazoweza kuwa nazo. Wawindaji wale wana soko halali la vifaa na sheria inayowaruhusu. Sisi vyote viwili hatuna. Tukiiga mashine peke yake, tumeiga mkia tukaacha mnyama.

Hesabu ya mzee

Sasa tuje kwenye karatasi. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme mashine, mizani na usafiri mpaka Kyela vinafika Sh400,000. Tuseme pia kwamba kila risasi unayojaza inakuokolea Sh1,000 ukilinganisha na ya dukani. Gawanya: ni lazima ujaze risasi 400 ndipo fedha ya mashine irudi. Kabla ya hapo hujapata faida ya senti tano.

Nilimuuliza mzee anapiga risasi ngapi kwa mwaka. Alifikiri, akasema labda 30, mwaka mbaya. Gawanya tena 400 kwa 30. Jibu ni miaka 13 na kitu. Kwa maneno mengine, mzee wangu atakuwa analipia mashine mpaka wajukuu zake waoe, na hapo sijaweka fedha iliyolala ambayo angeweza kununulia mbolea au miche.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunapoambiwa kitu ni cha bei nafuu tunatazama bei ya kukinunua tu. Unafuu wa mashine hauko kwenye bei yake, uko kwenye idadi ya kazi itakayofanya. Pulveraiza ya mamilioni inayopigwa foleni kila siku ni rahisi kuliko mbanio wa laki nne unaofanya kazi mara 30 kwa mwaka.

Sheria inasema nini?

Hesabu ya fedha peke yake ingetosha kumzuia mzee. Lakini ipo hesabu nyingine nzito zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kutengeneza silaha au risasi bila kibali cha mamlaka. Leseni ya kumiliki bunduki ni ruhusa ya kuwa nayo na kuitumia kwa masharti. Si ruhusa ya kufungua kiwanda chini ya kitanda. Baruti nayo ina sheria yake tangu mwaka 1963, na huwezi kuinunua wala kuihifadhi kama unavyohifadhi chumvi.

Kazi ya kutengeneza risasi nchini ina mahali pake. Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974, lipo chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Tuliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine tulikuwa tunaishi mji mmoja nalo, na kila mtu mjini alijua kuwa mambo ya hapo hayachezewi.

Kwa hiyo yule kijana akipita mpaka wa Kasumulu na kopo la baruti na pakiti za fataki ndani ya begi, atakuwa amejiingiza katika kesi, na ameuhatarisha uhai wa abiria wote wa basi alilopanda. Na baba yake, ambaye kwa miaka yote ameitunza leseni yake, anaweza kuipoteza pamoja na bunduki yenyewe. Akiba ya Sh1,000 kwa risasi haiwezi kulipia hasara hiyo. Ndugu msomaji, usiagize.

Gobore limetufundisha

Wapo watakaosema, mbona wazee wetu walikuwa wakijaza magobore wenyewe? Ni kweli. Katika karne ya 19 bunduki za kujaza mdomoni ziliingia pande hizi za kaskazini mwa Ziwa Nyasa pamoja na biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Ng’ambo ya mto Songwe, pale Karonga, kati ya mwaka 1887 na 1889 zilipiganwa vita baina ya watu wa mfanyabiashara Mlozi na kampuni ya Kiskoti ya African Lakes. Siku zile mwenye bunduki alikuwa mtumwa wa mwenye baruti, kwa sababu baruti ilitoka mbali na aliyeileta ndiye aliyepanga bei.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisifike mikononi mwa Waafrika wa eneo kubwa la bara hili. Yaliyobaki ni magobore, na gobore likaendelea kurithiwa na kufuliwa na mafundi wa vijijini. Tangu hapo watu wamekuwa wakilishindilia kwa kukisia. Gobore linamsamehe anayekisia leo, kesho linampasukia usoni. Waliopoteza vidole na macho kwa namna hiyo wanajulikana katika vijiji vingi vya nchi hii.

Mashine ya kisasa haiondoi hatari hiyo. Inaiweka mikononi mwa mtu anayepaswa kupima baruti kwa sehemu za gramu, usiku, kwa mwanga wa kibatari, wajukuu wakimzunguka. Baruti ikizidi kidogo mtutu unapasuka. Ikipungua, vitu vinakwama ndani ya mtutu na risasi inayofuata ndiyo inayoleta maafa.

Mwaka 2022, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, Serikali ilitoa msamaha kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria wazisalimishe kwa hiari. Ule ulikuwa utaratibu mzuri, na tangazo kama hilo likitolewa tena, mwenye gobore lisilo na karatasi asikose nafasi.

Lipo pia suala la madini ya risasi yenyewe. Anayetaka marisau ya bei ya chini atashawishika kuyeyusha betri kuukuu za magari. Asithubutu. Mvuke na vumbi la madini hayo vinaingia mwilini na kudumaza akili za watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, waliumia kiasi kwamba mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh bilioni 1.3 za Kenya, na kesi hiyo ikaendelea katika rufaa. Kile kilikuwa kiwanda chenye bomba la moshi. Itakuwaje kwa sufuria la jikoni?

Hata marisau yanayoanguka shambani yana madhara. Bata wanayameza wakidhani ni changarawe, na wanakufa kwa sumu. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia marisau ya aina hiyo kwenye ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Na Kyela, kwa majaruba yetu na mito yetu, sehemu kubwa ni ardhi oevu.

Swali sahihi ni mavuno

Nilipofika hapa katika hesabu zangu, niligundua kuwa mzee na mimi tulikuwa tunahesabu kitu kisicho chenyewe. Tulihesabu risasi. Mkulima hauzi risasi. Anauza kakao na mpunga. Swali sahihi ni: kwa fedha ileile, njia ipi inaokoa kilo nyingi zaidi?

Chukua kakao. Kwa wastani matunda 20 hadi 30 hutoa kilo moja ya kakao kavu. Kundi la ngedere 10 likiharibu tunda moja kila mmoja kwa siku, kwa mwezi ni matunda 300, yaani kilo 10 hadi 15. Msimu wa miezi minne ni kilo 40 hadi 60. Weka bei yoyote ya mnada unayoijua. Hata kwa Sh10,000 kwa kilo, kama mfano, ni kati ya Sh400,000 na Sh600,000. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na kila mkulima wa Kyela aliona maana ya kilo moja. Bei inapanda na kushuka, lakini tunda lililoliwa na ngedere halina bei yoyote.

Je, risasi 30 zinaokoa kilo hizo? Risasi inafukuza kundi kwa siku ile. Ngedere ni mwerevu, anajifunza saa ya mzee kwenda kunywa chai. Tena marisau hayachagui, yakipigwa mtini yanatoboa na matunda.

Sasa linganisha na mambo ambayo hayahitaji leseni ya mtu. La kwanza ni kuvuna mapema na mara kwa mara. Wengi tunasubiri wiki mbili au tatu matunda yaive kwa wingi, na hapo tunda lililoiva linabaki mtini likimwita ngedere. Penye wanyama wengi pita shambani kila wiki. Utasema kakao ya wiki moja ni kidogo, haitoshi kuvundikwa vizuri. Ni kweli, lakini matunda yaliyovunwa yanaweza kukaa siku tatu hadi tano kabla ya kupasuliwa. Yakusanye nyumbani, au ungana na jirani mvundike pamoja.

La pili ni kupunguza matawi. Ngedere anapenda kusafiri juu kwa juu. Miti ya kivuli iliyoshikana kutoka msituni mpaka katikati ya shamba ni daraja ulilomjengea mwenyewe. Kata daraja. Upogoaji huohuo unaingiza hewa na kupunguza kuoza kwa matunda, kwa hiyo panga moja limefanya kazi mbili.

La tatu ni mbwa, na zamu za majirani. Kwa mpunga, kubwa zaidi ni kupanda kwa wakati mmoja. Shamba linaloiva peke yake linabeba ndege wa kijiji kizima. Majaruba ya bonde zima yakiiva pamoja, hasara inagawanyika na ulinzi unagawanyika. Kitalu nacho kifunike kwa wavu, ambao ukitunzwa unatumika misimu kadhaa.

Kwa kiboko, shotigani ni kujitafutia kifo. Mnyama yule akijeruhiwa ni hatari kuliko alivyokuwa. Lakini miguu yake ni mifupi na hapendi kuruka, hivyo mtaro au kizuizi kifupi kando ya mto mara nyingi kinamgeuza njia. Mtaro wa shamba moja hausaidii. Mtaro wa mashamba 20 yaliyopakana, uliochimbwa kwa ujima, unasaidia.

Sikuja kumwambia mzee auze bunduki yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua kuwa mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama ili kulinda maisha au mali, na inamtaka atoe taarifa. Bunduki ibaki kuwa silaha ya mwisho, kwa risasi za dukani, chache, zilizonunuliwa kwa leseni.

Serikali nayo isikae pembeni

Nilipomsomea mzee hesabu hizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo sina budi kulifikisha. “Mwanangu, hayo yote nimekuelewa. Lakini sheria iko mjini, ngedere wako hapa.”

Ana haki. Mkulima akiambiwa asijaze risasi, lazima aambiwe pia nani anamsaidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari, na kiwango cha juu kilikuwa Sh100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano. Ngedere, kindi na ndege hawamo katika orodha ya wanyama hao. Aliyeliwa mpunga na kiboko akatoe taarifa mapema na aulize viwango vya sasa. Aliyeliwa kakao na ngedere hana pa kuuliza.

Halmashauri inakata ushuru katika kakao inayouzwa kupitia vyama vya msingi. Ni haki ya mkulima kuuliza kiasi gani cha ushuru huo kinarudi shambani kama ulinzi wa mazao: askari wa wanyamapori mwenye pikipiki na mafuta ya kufika anapoitwa, nyavu za vitalu zinazokopeshwa kupitia chama, na mafunzo ya upogoaji kwa wenye mashamba yaliyopakana na misitu. Haya yanaweza kuulizwa kwenye mkutano mkuu wa chama na kwa diwani. Yana gharama ndogo kuliko kesi za magobore na matibabu ya waliopasukiwa.

Kwa upande wa risasi zenyewe, wenye leseni wa kata moja wanaweza kupatana na muuzaji mwenye kibali, wapange siku moja ya kwenda, kila mmoja anunue kwa leseni yake mwenyewe. Nauli ikigawanywa, sehemu nzuri ya ile akiba aliyokuwa anaitafuta mzee inapatikana bila mashine yoyote.

Maswali matatu kabla ya kununua

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, mashine yoyote utakayoletewa, na kwa miaka hii zinaletwa nyingi, iulize maswali matatu. Kwanza, itafanya kazi mara ngapi kwa mwaka? Gawanya bei yake kwa akiba ya kila kazi, ujue itajilipa baada ya kazi ngapi. Pili, inakula nini, na chakula hicho kinapatikana wapi, kwa bei gani, kwa kibali gani? Tatu, ikiharibika, nani wa Kyela au Mbeya ataitengeneza, na kwa kipuri kipi?

Mashine ya kujaza risasi imeshindwa maswali yote matatu hapa kwetu. Msumeno wa kupogolea, wavu na mbwa mzuri vimefaulu.

Mzee alichukua stakabadhi yake ya mauzo ya kakao, akaigeuza, akaandika nyuma yake: msumeno, wavu, mtaro. Kisha akasita kidogo.

“Na huyu kijana wa Afrika Kusini nimwambieje? Ameshaanza kudunduliza fedha za mashine.”

“Mwambie azitume hizohizo, mzee. Mtaro unahitaji vibarua.”

Alicheka, akapiga simu palepale.

Mwandishi wa makala hii ni mchumi wa kilimo.